Zungukeni Nyuma ya Jengo

Wanangu mnaojifunza uashi na uchoraji wa ramani, nasikia mnapanga safari ya kutazama majengo. Vema sana. Lakini kutazama nako kuna namna yake, ndiyo maana nawaandikia kabla hamjapanda basi.

Mkifika kwenye jengo, simu ibaki mfukoni kwanza. Picha huchukua uso wa nyumba, na uso ndio ambao fundi yeyote anaweza kuuiga. Zungukeni nyuma. Tazameni mvua inashukia wapi, inapita wapi, inaishia wapi. Huku kwetu Mbinga mvua ikishaanza Novemba haina mzaha hadi Aprili, na nyumba iliyoshindwa na maji haiokolewi na rangi.

Kwa hiyo safari yenu ianzie shambani. Msicheke. Nendeni mkatazame ngolo, mashamba yetu ya mashimo, kama wageni, si kama watoto mliotumwa kupalilia. Kifuku kinapokaribia kwisha, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima unakuwa miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukia yale majani. Juu ya matuta hupandwa maharage, na mvua zijazo mahindi. Lile shimo linalobaki hupokea maji yanayoteremka, yakatulia na kuzama polepole, udongo ukabaki mlimani. Wamatengo walisongamana kwenye milima hii karne ya 19 wakikwepa mashambulizi ya Wangoni. Ardhi ilikuwa finyu na ya mteremko mkali, na ngolo zikawalisha. Ukisimama ng'ambo ya bonde jua la asubuhi likipiga, utauona mpangilio ambao hakuna aliyeuchora kwenye karatasi. Mimi nauhesabu kuwa ndio usanifu mkubwa kuliko wote tulio nao wilayani.

Baada ya hapo nendeni Peramiho. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1898, ikachomwa moto wakati wa vita vya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa upya. Ndani ya kanisa kubwa la abasia msikimbilie madhabahuni na kamera. Simameni dirishani, mpime unene wa ukuta kwa shubiri. Kisha mlinganishe na kuta zenu za tofali moja.

Upande wa ziwa, Liuli inawatosha kwa siku nzima. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake lililowakumbusha sanamu ile ya Misri, na ndipo alipozikwa mmisionari William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928. Mwenye hati ya kusafiria avuke mpaka hadi kisiwa cha Likoma, Malawi. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa mwaka 1903 na lina urefu wa mita 100 hivi, kwenye kisiwa kidogo kiasi kile! Kuta zake ni za mawe ya hapo hapo. Waliotaka kanisa kubwa kama yale ya Uingereza walilazimika kuanza na kilichokuwa chini ya miguu yao. Sisi tuna mawe na udongo mzuri wa tofali, halafu tunaagiza urembo wa plasta kutoka Dar es Salaam.

Zanzibar najua mtataka kwenda hata nikikataza. Ndani ya nyumba za kale za Mji Mkongwe, ulizeni kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba. Jibu liko darini: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita 3 au pungufu. Msije mkaiga chumba chembamba huku Mbinga, ambako mbao ndefu hazina shida. Beit al-Ajaib nayo, iliyojengwa mwaka 1883 kwa ajili ya Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Mkisimama mbele yake, muulizane matunzo ya jengo huanza lini, siku ya kulizindua au siku ya kuchora ramani.

Nasema haya kwa sababu naona mjini mnavyolipenda paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta mdogo lisionekane kutoka barabarani. Linapendeza, sibishi. Ila aliyelibuni alikuwa na mvua ya kwao. Hapa majani ya miti huziba mkondo, maji yanasimama juu ya bati, na mwaka wa pili dari ina ramani nyingine kabisa.

Jambo la mwisho ni adabu. Kila mahali kuna mtu anayefagia na kufunga milango. Msimpite mkamfuata mwenye tai. Msalimieni, mkae naye, mumpe cha soda, kisha mumwulize mvua ikinyesha huwa anaweka ndoo wapi.