Chombo cha Haramu, Somo la Halali

Je, yafaa mwalimu kufundisha elimu ya halali kwa chombo kilichopatikana kwa njia ya haramu? Zama za vitabu na rula swali hili lilikuwa jepesi. Zama hizi za kompyuta limekuwa zito, kwa kuwa kinachoibwa hakiondoki mahali pake: mwenyewe anabaki nacho, na aliyekichukua naye anacho.

Tutazame programu za hesabu za kisayansi. Mashuhuri mojawapo ni MATLAB, aliyoibuni Cleve Moler, mwalimu wa hisabati nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya MathWorks, iliyoanzishwa mwaka 1984, huiuza kwa leseni. Wasiomudu bei hupitishiana nakala zilizovunjwa kufuli, na wapo wakufunzi wanaofumba macho. Hoja yao ni kwamba tajiri hapungukiwi kitu, na maskini anapata elimu.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini mwanachuo wa ualimu hajifunzi hesabu tu; anajifunza pia mwenendo wa mwalimu. Akifundishwa kwamba shida huhalalisha kila njia, kanuni hiyo ataibeba hadi chumba cha mtihani. Atamkemea kwa kinywa gani mtoto aliyeingia na karatasi mfukoni?

Tena, udhuru wa umaskini hausimami pale iliyopo njia nyingine. Ipo programu iitwayo GNU Octave, ambayo John W. Eaton alianza kuiandika kwa dhati mwaka 1992, na awali ilikusudiwa kuandamana na kitabu cha wanafunzi wa uhandisi wa kemia. Huchukuliwa mara moja kwenye intaneti, ikawekwa katika flashi, kisha ikaingizwa katika kompyuta zote za darasa. Haidai malipo wala namba ya siri. Ukiifungua, andika A = [2 1; 1 3], halafu b = [5; 10], halafu A\b. Itakujibu 1 na 3. Hayo ndiyo majibu ya milinganyo miwili, 2x + y = 5 na x + 3y = 10, ambayo mwanafunzi wa sekondari huyapata kwa kalamu. Na amri hizo hizo MATLAB nayo huzielewa.

Kiswahili chetu kina neno "bure", lenye maana ya bila malipo na pia bila faida. Kwa Octave neno linalofaa zaidi ni "huru": leseni yake inamruhusu mtu kuitumia, kuichungulia ndani, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Sisi walimu wa hesabu tumezoea kuwaambia watoto, "Onyesha njia." Programu iliyo wazi huonyesha njia; iliyofungwa kiini chake hutaka tuamini jibu.

Hata hivyo, kupewa si kumaliza deni. Aliyenufaika aeleze kasoro alizoziona, aandike maelekezo kwa Kiswahili, amfundishe jirani. Na pale ambapo chombo cha halali hakipo kabisa, kalamu na ubao bado vipo, japo kwa mwendo wa taratibu.

Mlango ukiwa wazi, anayeingilia dirishani asiseme kwamba alisukumwa na njaa.