Sikio Moja kwa Fedha za Wengi

Je, ni haki fedha za watu wengi kununua kitu kitakachovaliwa na mtu mmoja, na sauti yake isisikiwe na mwingine yeyote? Swali hili lililetwa mbele yangu na kikundi cha muziki hapa Issuna, ambacho mimi ni mlezi wake tangu nilipostaafu ualimu. Kikundi kina spika nne, amplifaya, vipaza sauti vinane na miksa moja, nacho hukodishwa kwenye harusi na mikutano kuanzia hapa hadi Ikungi, na mara mojamoja hadi Manyoni. Fundi mitambo wao, kijana wa miaka ishirini na minne, aliomba hedifoni. Hakuomba hedifoni yoyote tu, bali ya aina wanayotumia mafundi wa redio na wa bendi, ambayo bei yake ilikuwa karibu shilingi laki tatu. Mnadani ziko za elfu kumi na tano. Mweka hazina wetu, mama makini asiyetupa hata risiti ya betri, alisema, "Mwalimu, kwa fedha hizo tunapata kipaza sauti kizuri ambacho kila mtu atakisikia. Hiyo hedifoni ataisikia nani?"

Swali lake si dogo, na nisingependa msomaji alipite haraka. Sisi wa umri wangu tulilelewa katika kusikiliza pamoja. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilikuwa moja, masikio mengi. Mtu ambaye angejitenga na kuweka kitu masikioni angeonekana ana lake jambo. Hata leo, niwaonapo abiria wa basi la Singida, kila mmoja ameziba masikio na kusikiliza wimbo wake, huhisi kwamba kuna kitu kimepungua, ingawa safari imekuwa tulivu kuliko enzi za kaseti za dereva.

Lakini hedifoni ya fundi mitambo si ya kujitenga. Kwenye miksa kila kipaza sauti na kila ala ina njia yake, na kila njia ina kitufe ambacho fundi akikibonyeza huisikia njia ile peke yake masikioni mwake, bila watu uwanjani kusikia badiliko lolote. Hivyo hujua kama mkoromo unatoka kwenye gitaa au kwenye waya wa kipaza sauti cha tatu, akautengeneza kabla aibu haijafika kwenye spika. Ni kama mpishi wa shughuli anayeonja mchuzi. Hakuna amwambiaye mpishi kwamba anakula chakula cha wageni. Nyimbo za NUTA Jazz na za Mlimani Park tulizozipenda zilipita kwanza katika masikio ya mafundi wa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, watu ambao sisi wasikilizaji hatukujishughulisha hata kuwajua majina.

Haya, kama ni kuonja, ni kwa ulimi gani? Tuliazima hedifoni ya aina ile kwa fundi mmoja wa Singida mjini, tukaiweka mezani pamoja na ya mnadani, vijana wakajaribu zote mbili kwa wimbo uleule. Karibu wote waliipenda ya mnadani. Besi yake ilitikisa fuvu, na sauti za juu zilimetameta kama bati jipya. Ile ya gharama waliiona kavu. Mmoja alisema haina raha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili methali ilipinduka mbele ya macho yangu: kibaya ndicho kilichojiuza.

Sababu yake ni hii. Hedifoni nyingi za kuuzwa upesi hutengenezwa ili zikuze besi na sauti za juu, kwa kuwa sikio hulewa upesi kwa hizo. Msikilizaji wa nyumbani hadhuriki. Lakini fundi akiamini anachokisikia, atadhani besi imezidi, ataipunguza kwenye miksa, na watu uwanjani watapewa muziki mwepesi kama uji wa mgonjwa. Chombo kinachosifia humfanya mwamuzi akosee kinyume. Nilikaa katika ofisi ya mwalimu mkuu miaka mingi, na hedifoni ya namna hiyo naijua katika umbo la binadamu: ni yule mwalimu wa zamu anayekuja kila asubuhi kusema kwamba mambo ni shwari, kumbe nusu ya darasa la nne hawajui kusoma. Mwalimu mkuu anayeambiwa kwamba watoto wameiva katika kusoma atawaongezea saa za shambani.

Mfano uliomaliza ubishi ulikuwa wa mizani. Mkulima wa alizeti wa mkoa huu anajua tofauti ya kuuza kwa kilo na kuuza kwa gunia la lumbesa, na anajua kwa nini Wakala wa Vipimo hukagua mizani za wanunuzi. Mizani haitakiwi kumpendeza mkulima wala mnunuzi. Mweka hazina, ambaye naye hulima alizeti, alinyamaza kidogo, akafungua daftari lake. "Basi andikeni kwamba tunanunua mizani," akasema.

Mengine ya uchaguzi yalikwisha upesi. Vikombe viwe vimefungwa upande wa nje, maana upepo wa Singida, jenereta na vigelegele havina adabu, na fundi asiyekingwa atapandisha sauti mpaka ajiumize. Wataalamu wa usalama kazini hutaja desibeli 85 kwa saa nane kuwa kikomo, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hukatwa nusu. Isiwe ya bluetooth, kwa sababu sauti yake huchelewa nyuma ya mdomo wa mwimbaji. Iwe ya vipuri vinavyopatikana, hasa mito ya masikio, ambayo huchakaa kabla ya kitu kingine. Sennheiser HD 25 ilianza kutengenezwa mwaka 1988 na Sony MDR-7506 mwaka 1991, na zote mbili bado zinauzwa. Katika dunia inayobadili vifaa kila msimu, huo ni ushahidi unaonitosha. Bandia zimejaa, kwa hiyo jina la kwenye boksi tusiliamini kabla ya kusikiliza wimbo tunaoujua.

Kilichonishughulisha zaidi kilikuja baada ya kununua. Jioni moja yule kijana alikuja kwangu peke yake. Katika kikundi yuko mama mmoja aliyevuka miaka sitini, ambaye sauti yake ndiyo iliyokipatia kikundi jina tangu mwanzo. (Nimeomba ruhusa yake kuandika haya.) Kwa hedifoni mpya kijana alibonyeza kitufe cha njia ya mama yule, akasikia kwamba sauti haikai tena mahali pake, inapanda nusu ya njia kisha inateleza. Kwenye ile ya zamani jambo hilo lilikuwa limezama ndani ya besi. Katika harusi mbili alikuwa amemshusha mama huyo mpaka karibu kimya, akampandisha binti aliyesimama ubavuni mwake. Watu walimtuza mama kama siku zote. "Mwalimu," aliniuliza, "nimemheshimu au nimemdanganya?"

Jibu la kwanza ni rahisi: kupunguza na kupandisha ndiyo kazi yake. Ngoma ikizidi huishusha, na ngoma haina haki ya kulalamika. Lakini ngoma haiamini kwamba inasikiwa. Mama yule aliamini, na imani hiyo ilikuwa sehemu ya kile alichokuwa akitoa. Kumficha kulikuwa na huruma ndani yake, sikatai; hata hivyo ilikuwa huruma iliyomwacha peke yake katika kutojua jambo linalomhusu yeye kuliko mtu yeyote. Hapo niliona kwamba mizani ya kweli ina deni lake. Ukiisoma, huwezi kurudi kuwa mtu asiyejua uzito, na mwenye gunia ana haki ya kusoma namba kabla ya wote.

Sikumshauri amwambie kwa mdomo. Nilimwambia ampe hedifoni. Ni mali ya kikundi, na mchango wake mama umo ndani ya zile laki tatu. Walikaa wawili siku ya mazoezi, baada ya wengine kuondoka, akamchezea sauti yake iliyorekodiwa. Mama alisikiliza wimbo mzima, akaivua, akaishika mapajani. Akauliza, "Tangu lini, mwanangu?" Kijana akamwambia. Mama akasema kwamba hata koo lenyewe lilikuwa limekwisha kumdokeza, ila hakuna mtu aliyelithibitisha.

Aliomba abaki mbele, na sauti iendelee kushushwa, kwa masharti kwamba sasa wanajua wawili. Mweka hazina alipoelezwa, kwa idhini ya mama mwenyewe, hakupendezwa: kwake yeye walipaji wa harusi wananunua sauti wasiyopewa. Mimi naona wanaomwalika mama yule wanamwalika yeye, na sauti ya binti imo katika bei. Bado tunabishana. Kwenye shughuli ya mwisho niliyohudhuria, bibi harusi alipokuwa anaingia, mama aligeuka kumtazama fundi na kuinua kiganja kidogo. Kijana alipandisha njia yake kwa ubeti mmoja, kisha akairudisha.