Picha za Safari na Mawe ya Yordani

Somo: Yoshua 4:1-9



Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani hawakuachwa wakae ukingoni wakishangaa maji. Walipewa kazi. Mtu mmoja kwa kila kabila, jumla yao 12, alirudi katikati ya mto, pale miguu ya makuhani ilipokuwa imesimama, akatwaa jiwe, akalitia begani, akaenda nalo mpaka mahali pa kulala. Mawe yale yalisimamishwa Gilgali. Sababu nayo ilitajwa wazi: siku zijazo watoto watauliza, na wazazi wao watawajibu. Tuliangalie vizuri jambo hili, maana wengi hushika habari ya mawe wakaiacha habari ya watoto. Hatusomi kwamba mawe yale yaliandikwa neno lolote. Kazi ya jiwe ilikuwa kumfanya mtoto aulize. Jibu lilikuwa kinywani mwa mzee.

Somo hili limetujia tena na tena tangu mtaa wetu uliposafiri kwenda Unguja, kuhiji katika Kanisa Kuu la Mkunazini. Tulikuwa watu 40 na kitu, na simu zenye kamera hazikupungua 30. Tangu bandarini Dar es Salaam watu walipiga picha: boti, mawimbi, Forodhani, milango ya Mji Mkongwe, hata bakuli za urojo kabla hazijaguswa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Sisi tuliokua zamani za mkanda wa picha 36 tulikuwa tukihesabu. Mkanda ukiisha umekwisha, na kusafisha picha kulikuwa na bei yake. Mtu akitaka picha alivaa nguo za Jumapili akaenda studio, mathalani ile aliyoifungua Bwana Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, akaketi wima kama anayengoja hukumu. Leo mtoto wa darasa la tano amekwisha kupiga picha 50 kabla ya chai ya asubuhi.

Urahisi huu haukuja kwa siku moja. Daguerre alitangaza ufundi wake huko Ufaransa mwaka 1839, nao ulikuwa wa mafundi na wenye fedha. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak yenye mkanda wa picha 100 ndani yake. Picha zikiisha, mwenye kamera alilirudisha boksi zima kiwandani likafunguliwe huko. Mwaka 1900 ikaja Brownie, iliyouzwa kwa dola moja tu, ili hata watoto waweze kuitumia. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata nafasi ya kumpiga picha mama yake akiwa jikoni, bila kumwita fundi.

Wako Wakristo wanaoona mashaka, wakitaja Amri ya Pili. Amri ile inakataza kusujudia sanamu, na hatujamwona mtu akiisujudia picha ya boti. Ingawa, tukisema kweli, wako wanaoitazama sura yao wenyewe kwa muda mrefu kuliko wanavyosali.

Turudi Mkunazini. Kanisa lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, naye alizikwa nyuma ya altare mwaka 1882. Watu wetu walipiga picha zile nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini, ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Askofu alipokuwa hayupo. Walipiga picha msalaba uliochongwa kwa mti wa kijijini kwa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Halafu tukatoka nje, tukafika kwenye shimo lenye sanamu tano za watumwa wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, iliyowekwa mwaka 1998.

Hapo vijana wetu kadhaa waliipa sanamu mgongo, wakainua vidole viwili, wakatabasamu, wakajipiga picha. Wazee wengine walikunja uso. Lakini kijana mmoja, baada ya kuitazama picha yake kwenye kioo cha simu, aligeuka akauliza: “Mwalimu, hivi hawa walikuwa ni akina nani?”

Huyu ndiye mtoto wa Yoshua. Tuliketi ukutani tukamjibu kwa kadiri tulivyoweza: kwamba wengi waliouzwa mahali pale walitoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini; kwamba walikuwa na mama zao, na kila mmoja alikuwa na jina; kwamba majina ya walio wengi hatuwezi kuyapata tena. Wenzake wakasogea mmoja mmoja. Tulikaa pale mpaka tukachelewa chakula.

Yako mengine ya kusema kuhusu safari hiyo, nayo ni mazito kidogo. Mwezi mmoja baada ya kurudi, mama mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa pamoja nasi, alilala katika Bwana. Watoto wake walitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nyumbani kulikuwa na kitambulisho tu, ambamo uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizwa maswali kituoni. Wakaja kwa wenzake wa safari. Simu zikafunguliwa, mamia ya picha yakapitiwa: milango, sahani, watu na sura zao. Yeye hakuwamo. Hapa kiwiko, pale pindo la kitenge. Alikuwa ameketi barazani na mikoba yetu na vyakula vyetu, akatuambia twende tukaone, yeye atalinda. Bila mikoba kulindwa, picha zile zote zisingepigwa.

Siku ya pili ya msiba akaja mtoto wa shule ya Jumapili, wa miaka saba, na simu ya mama yake. Picha ilikuwa imeinama upande na kidole kilionekana kwenye kona. Mama yetu alikuwa anamenya chungwa, ameinua uso, anacheka mpaka macho yamefumba. Ndiyo iliyokuzwa ikawekwa mbele ya jeneza. Mtoto yule alikuwa amempiga picha kwa sababu alipewa kipande cha chungwa.

Basi katika matembezi yetu yajayo, hata yale ya kwenda sokoni au mtoni, tuwatazame kwanza wale wanaoshika mizigo. Mgeni tusimpige picha bila ruhusa, hasa mtoto wa watu au mchuuzi anayehangaika na biashara yake. Kuichukua sura ya mtu bila kumwuliza ni kuingia nyumbani kwake bila hodi. Mgonjwa kitandani tumwache. Na Padre anapoinua mkate na kikombe, simu zikae mfukoni, maana saa ile Bwana ametwita tumkumbuke kwa namna aliyoiagiza mwenyewe.

Tena, picha zisiachwe simuni peke yake. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika. Zichaguliwe chache, zichapishwe, na nyuma yake ziandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili au huacha alama usoni mwa mtu.

Katika chumba cha mavazi kanisani liko sanduku la bati lenye picha za zamani za mtaa huu: kipaimara, arusi, safari za kwaya. Karibu zote hazina jina. Katika moja wapo watu 23 mbele ya lori, na mpaka sasa tumewatambua wawili tu. Wanaoweza kuwatambua waliobaki ni wazee wachache, na mwaka huu tumekwisha kuzika watatu.

Kwa idhini ya Padre, Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya Ekaristi, sanduku hilo litafunguliwa ukumbini. Wazazi waje na watoto, na kila mtoto aketi karibu na mzee asiye wa nyumbani kwake, amwulize kuhusu picha moja. Wazee wasisahau miwani. Wasioweza kutembea watafuatwa nyumbani alasiri hiyohiyo. Penseli zipo.