Konokono Ndani ya Taa

Mimi ni fundi pikipiki hapa Kisorya. Nawasimulia haya vijana wanaoanza kushika spana, ili kosa la mkono wangu lisirudiwe na mkono mwingine.

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba enzi za pamba. Miaka ya 1980 aliendesha Honda XL 125, akaizunguka nayo Mwibara nzima: Kibara, Nansimo, Kasuguti, barabara zote zikiwa vumbi na changarawe. Alipostaafu aliondoka nayo. Ikasimama bandani miaka mingi, hata kuku wakawa wanatagia juu ya siti. Barabara ya kutoka Bulamba kuja kwetu ilipowekwa lami, akaniita.

“Mjomba,” aliniambia, kwani kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, “nataka kuivusha hii kwa kivuko kabla macho hayajanitupa. Nishukie Rugezi, nizunguke Ukerewe yote kama zamani.”

Injini ilikuwa inafufulika. Shida ilikuwa spea. Maduka ya Bunda yamejaa spea za bodaboda za Kichina, na nyingi kati ya hizo injini zake zinafuata muundo wa Honda CG 125 ya mwaka 1976, ambayo kamshafti yake iko chini na valvu husukumwa kwa vijiti. XL ina kamshafti juu kichwani, kwa hiyo vitu vya ndani haviazimani. Gurudumu la mbele ndilo lililotutesa zaidi. La XL ni inchi 21, wakati bodaboda hutumia 17 au 18. Rimu ya Mjomba ilikuwa imeliwa na kutu na habu imepasuka. Tulihitaji XL nyingine, hata iwe maiti, tuitolee spea.

Tuliipata mwaloni, imeegemezwa nyuma ya kichanja cha dagaa. Muuzaji alisema ilisimama tu kwa kukosa cheni. Rangi yake iling'aa kuliko ya Mjomba. Nilifungua taa ya mbele nitazame nyaya, na chini ya kioo nikakuta mchanga mwembamba umelala, na juu yake ganda la konokono dogo kama punje ya mtama. Nikalipuliza likaanguka. Nilipofungua nati ya oili, ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nikasema moyoni, ni unyevu wa kukaa muda mrefu. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeshalipenda lile gurudumu, na aliyekwisha kupenda hatafuti sababu ya kuacha.

Nyumbani nilitoa gurudumu zima. Nilipozungusha beringi kwa kidole, ilikwaruza. Hapo ndipo palipokuwa pa kusimama. Badala yake nilipaka grisi mpya, nikazungusha tena, ikateleza bila sauti. Nikafurahi kwamba nimeitengeneza. Kumbe beringi ilikuwa inasema, nami nimeiziba mdomo kwa grisi.

Wiki ya kwanza pikipiki ilikwenda vizuri. Watoto waliikimbilia, na wazee waliomkumbuka bwana shamba walimpungia mkono. Asubuhi aliyokusudia kuvuka, Mjomba alivaa koti lake la zamani, akateremka kuelekea gatini. Nilikuwa nyuma yake kwa pikipiki yangu. Niliona gurudumu la mbele likianza kuyumba. Akashika breki. Beringi ilikuwa imesambaratika, habu ikaenda upande, breki ikajibana ndani yake, na gurudumu likasimama ghafla. Mjomba alirushwa juu ya usukani. Alivunjika mtulinga na kifundo cha mkono. Nilimwinua kutoka kwenye lami huku kivuko kikipiga honi ya kuondoka.

Jioni nilifungua ile habu. Gololi zilikuwa na mashimo mashimo kama uso uliopitiwa na ndui. Nikarudi mwaloni kuuliza nilichopaswa kuuliza tangu mwanzo. Wavuvi walinijibu bila kuficha: pikipiki ile ilitumbukia ziwani ikivushwa kwa mtumbwi, ikakaa chini siku kadhaa, ikaja kunaswa na nyavu. Iliyokauka ilikuwa rangi yake tu. Maji yalipita kwenye sili, yakaosha grisi, yakaacha kutu mahali ambapo jicho halifiki.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya chombo kilichozama ni mchanga uliotulia mahali ambapo upepo hauwezi kuufikisha, na oili iliyogeuka maziwa. Dalili zote mbili nilizishika kwa vidole vyangu.

Kwa hiyo, kijana, chombo cha kutolea spea kiulize kwanza kilikufaje. Kilichogongwa, tilia shaka fremu, usukani na shokapu za mbele, hata kama zimenyooshwa vizuri. Kilichoungua, usiguse nyaya. Kilichozama, kila kinachozunguka ndani yake kihesabu kimeharibika hadi uthibitishe kwa macho. Kadi nayo uitazame, ulinganishe namba ya chasisi na namba ya injini, usije ukafufua mali ya mtu aliyeibiwa.

Kisha ujue cha kuchukua. Kutoka kwenye maiti chukua mifupa: rimu, habu, tenki, mifuniko ya injini, vitu ambavyo dukani havipatikani. Usichukue maungio: beringi, sili, viatu vya breki, cheni, mipira. Hivyo huliwa na kazi, na hununuliwa vipya. Ukitilia shaka beringi, ioshe kwa petroli hadi grisi yote itoke, ikaushe, ndipo uizungushe. Ikikwaruza ikiwa kavu, itupe. Grisi hailindi beringi iliyokwisha kuliwa.

Linaloniuma hadi leo ni hili: beringi huwa na namba iliyopigwa ubavuni, na namba hiyo ni ya kimataifa. Iwe imetengenezwa Japani au China, namba ikilingana, huingia. Rimu ya inchi 21 ndiyo iliyokuwa adimu. Beringi zake zilikuwa zimejaa Bunda, na bei ya mbili haikufika nauli ya kwenda na kurudi.

Nilipokwenda kumwomba msamaha, Mjomba alikuwa amelala, mkono umefungwa. Nilimweleza yote, mchanga, oili na konokono. Alinyamaza kitambo.

“Uliyaona?”

“Niliyaona, Mjomba.”

“Basi, mjomba wangu, macho unayo. Sasa uyaamini.”

Nimeweka beringi mpya. Yeye haendeshi tena, ila ameniagiza nimvushe mwenyewe, amekaa nyuma. Kabla ya siku hiyo nitalifungua lile gurudumu mbele yake, alizungushe kwa kidole chake mwenyewe, bila grisi.