Nafasi ya Sita

Bafu letu, hapa Dar es Salaam, lina upana wa mita moja na robo. Ndoo mbili za lita 20, akiba ya siku za mgao, zimeshika kona nzima. Humo tunaoga watu watano. Miaka yote sabuni, miswaki na madodoki yalikaa sakafuni au dirishani, na kila asubuhi mtu alimtuhumu mwenzake.

Nilipomwita seremala nilitaka kabati. Akapima, akakataa. Sisi huoga kwa kata, maji hufika kila mahali, na kabati la kusimama sakafuni lingeoza miguu kabla mwaka haujaisha. Akashauri rafu tatu nyembamba, kina sentimita 15, zipande ukutani juu ya tangi la choo, mahali ambapo hapiti mtu. Ziwe za mninga, maana bodi za unga wa mbao zikinywa maji huvimba na kumeguka.

Zilipokwisha kupanda nikakumbuka vidaka vya Lamu. Katika nyumba za mawe za kule, urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana wa chumba, kwa kawaida chini ya mita tatu. Chumba chembamba namna hiyo hakitaki fanicha nyingi. Ukuta wa matumbawe na chokaa, kwa upande wake, ni mnene, basi wajenzi wakaacha matundu ndani yake, safu juu ya safu, vyombo vya kauri vikapata makao bila kumnyima mtu njia. Navipenda vidaka hivyo kwa sababu havitanuki. Mwenye nyumba akinunua bakuli jipya, lazima aamue lipi liondoke. Kabati la siku hizi halimuulizi mtu swali hilo.

Seremala alizigawa rafu kati kwa kibao, zikawa nafasi sita. Mama mkwe nilimpa ya usawa wa kifua, asiiname wala kujinyoosha akiwa juu ya sakafu yenye utelezi. Mdogo wetu akapata ya chini. Ya sita ikabaki wazi, na binti yangu akaitaka kwa mafuta yake ya nywele.

Nikamkatalia, na tukavutana siku kadhaa. Nimewaona wageni wetu wakitoka kuoga na mfuko wa sabuni mkononi, wakiurudisha chumbani kila mara, kama watu walio safarini bado. Hatukuwahi kuwaambia wasiweke vitu vyao bafuni. Hapakuwa na pa kuviweka tu, na mgeni hulisoma hilo upesi kuliko tunavyodhani.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kwa matibabu. Alisema ni siku mbili, zikawa wiki tatu. Siku mbili za mwanzo alibeba mfuko wake. Asubuhi ya tatu niliingia kuchota maji, nikakuta mswaki wake umelazwa kwenye nafasi ya sita, na kando yake binti yangu amemwekea sabuni mpya.