Jina Lililotokea Kabla ya Namba ya Siri

Mama ninayemsimulia hapa ni fundi cherehani wa Kihonda, Morogoro. Jina lake silitaji, maana nimemuunganisha kutokana na visa vya wazee wengi waliopita njia hiyohiyo, nitamwita Fundi. Ana kisukari aina ya pili, ana simu janja aliyonunuliwa na binti yake, na kwa miaka yote ya ugonjwa wake alikuwa akihudhuria kliniki kila mwezi: anapimwa, anapewa metformini, anarudi kwenye cherehani. Kliniki ilimchosha. Anatoka nyumbani alfajiri, anakaa kwenye benchi mpaka saa sita mchana, na akiingia kwa daktari anaongea naye dakika chache tu. Kwa kuchoka huko simlaumu.

Jioni moja, akiperuzi Facebook, alikutana na picha ya mwanamume aliyevaa koti jeupe, na chini yake maneno kwamba kisukari kinapona kabisa kwa siku tisini. Akabonyeza, akajikuta WhatsApp.

"Shikamoo mama yangu," mtu yule aliandika. "Pole sana na maradhi. Hebu nieleze taratibu, yalianzaje?"

Akaulizwa kama miguu inakufa ganzi. Akaulizwa analala vipi, anakula nini, wanawe wako wapi. Kila swali lilikuja kwa adabu, na kila jibu lilipokewa kwa pole. Fundi hakuwahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote tangu alipoambiwa ana sukari. Hapo ndipo alipotekwa, kabla hela haijatajwa. Tunapowaonya wazee wetu juu ya matapeli huwa tunawachora watu wakali wenye maneno ya vitisho, na wapo wa namna hiyo. Lakini huyu aliingia kwa mlango wa upole, akimpa mama kitu ambacho benchi la hospitali lilimnyima.

Dozi ya mwezi wa kwanza ilikuwa shilingi laki moja na elfu themanini. Fundi akaenda kwa wakala kuweka pesa. Wakala, kijana anayemfahamu, akamuuliza, "Mama, zote hizi unampelekea nani?" Akajibu ni ada ya mjukuu. Haikuwa tabia yake kusema uongo, ila dokta alikuwa ameshamwambia asimweleze mtu, kwa kuwa watu wana husuda na wengine hawapendi kuona mwenzao anapona.

Aliporudi nyumbani akaingiza namba ya dokta, akaingiza kiasi. Kabla ya kuombwa namba ya siri, skrini ikamletea jina la mpokeaji, nalo lilikuwa jina la mwanamke. Kidole kikasita. Akaandika, "Dokta, mbona limekuja jina la mama?" Jibu halikuchelewa: "Huyo ni mhasibu wetu, mama yangu, usiwe na wasiwasi." Akaweka namba ya siri.

Naomba tusimame kwenye sekunde hiyo. Jina lile huletwa makusudi, ili mtumaji aone pesa yake inakwenda kwa nani akiwa bado na nafasi ya kughairi. Wengi wetu tumezoea kubonyeza kubali bila kulisoma, hasa tukiwa na haraka ya kulipa mzigo wa dukani au nauli ya bodaboda. Fundi alilisoma, tena akashtuka. Kosa ni kwamba aliyemuuliza alikuwa yuleyule anayemtilia shaka, na tapeli gani atakosa jibu?

Mzigo ulifika kweli, kwa basi, akaupokea stendi ya Msamvu. Mlikuwa na chupa mbili zenye lebo ya rangi nzuri, bila jina la kiwanda wala namba ya usajili ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kufika kwa mzigo kulimpa imani, kwa sababu tumefundishana kwamba mwizi wa mtandaoni anakula hela na kupotea. Huyu hakupotea. Alimtumia ujumbe kila asubuhi, na katika ujumbe mmoja akamwagiza aache dawa za hospitali, akidai zinagombana na hizi. Fundi akaacha metformini.

Dozi ya pili ilipofika muda wake hakuwa na hela. Kikundi chake cha vikoba kingemkopesha, lakini wangemuuliza ni za nini. Simu haikuuliza. Akapakua programu ya mikopo, nayo ikaomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote alizohifadhi. Akabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, mpaka mwisho. Aliomba laki mbili, akapokea pungufu kwa sababu riba ilikatwa juu kwa juu, na siku saba baadaye akadaiwa laki mbili kamili. Alipochelewa, ujumbe ukaenda kwa wateja wake wa nguo, kwa mkwewe, kwa kiongozi wake wa dini: huyu mtu ametoroka na deni, na wewe amekuweka mdhamini.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni na kuyapiga marufuku. Kuangalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ni kazi ndogo. Na kumwaibisha mdaiwa kwa namba ulizozichota ndani ya simu yake ni jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilitungwa kulizuia. Anayefanyiwa hivyo asijifungie ndani kwa aibu; ahifadhi jumbe zile, maana ndizo ushahidi.

Binti yake aliyeko Dodoma alipata ujumbe ule kama wengine, akapanda basi usiku uleule. Alimkuta mama amefunga kitambaa mguuni. Alikuwa amekanyaga sindano ya cherehani na hakuhisi, kwa kuwa sukari ilishaua hisia za nyayo, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Hospitalini, mashine ya kupima sukari haikuleta namba yoyote. Ilileta herufi mbili tu, HI, maana yake kiwango kimepita uwezo wake wa kusoma. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Fundi alipona.

Nikiufuata mkasa huu hatua kwa hatua, jambo moja linanirudia. Zamani kila hatua ya namna hii ilipita mbele ya macho ya mtu. Dawa ulinunua palipo na mfamasia, mkopo uliomba mbele ya wanakikundi, na hata kwenye benchi lile la kliniki alikuwapo mgonjwa mwenzio wa kukwambia, "Dada, hiyo usinywe." Simu imetuondolea foleni, nalo ni jambo jema, mimi sitaki kurudi kwenye siku za kubeba hela kwenye soksi ndani ya basi. Lakini pamoja na foleni imeondoa wale watu waliokuwa wakituambia tusubiri. Kwa Fundi alibaki wakala peke yake, naye akafungiwa mlango kwa uongo wa ada ya mjukuu. Ndiyo maana agizo la kutomwambia mtu lilitangulia chupa za dawa.

Daktari wa kweli anaweza kukuhudumia kwa simu, na ziko hospitali zinazofanya hivyo vizuri. Huyo atakutaka ukapime, hatakuachisha dawa kabla ya kuona vipimo, na usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika haufichi. Mwenye shaka apige 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Na aliyekwisha kutuma hela asisubiri kupambazuke: apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake, kwa sababu pesa ambayo haijatolewa huweza kuzuiwa, ikishatolewa imekwenda.

Fundi na binti yake wamepatana kwamba malipo yoyote ya zaidi ya elfu hamsini kwa mtu mgeni yanangoja mpaka wawili hao wazungumze kwa sauti, si kwa maandishi. Binti pia alimwendea muuguzi wa kliniki akamweleza waziwazi kwamba benchi ndilo lililomfukuza mama. Muuguzi hakukasirika. Sukari ilipotulia, Fundi akaanza kupewa dawa za miezi miwili kwa mkupuo, na siku ya miadi anapangiwa saa ya kufika.