Jina Lililoandikwa kwa Wino Mwekundu

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7



Wengi wenu mnajua nilisomea mambo ya biashara kabla Bwana hajaniita kwenye huduma. Ndiyo maana nilikabidhiwa daftari la mfuko wetu wa kusaidiana. Na mimi hupenda hesabu iliyonyooka: aliyetoa, tiki. Aliyekosa miezi mitatu, jina lake kwa wino mwekundu.

Mwaka jana kuna mama mmoja ambaye jina lake lilikuwa jekundu. Nilimtumia ujumbe wa kumkumbusha, hakujibu. Nikatuma wa pili. Siku iliyofuata akajitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nami nikasema moyoni, "Huyu amerudi nyuma," nikaendelea na hesabu zangu.

Aliyeniambia ukweli ni jirani yake, ambaye hata si wa kanisa letu. Mama yule alikuwa akifanya vibarua vya kufua nguo, akaumia mkono, kazi ikaisha. Mwenye ploti akamfungia nyumba kwa sababu ya kodi. Yeye na watoto walikuwa wakilala kwa huyo jirani. Nilipoenda kumwona hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, ningekujaje kanisani na nina deni la kanisa?" (Amenikubalia nisimulie, bila jina.)

Wapendwa, neno hilo lilinichoma. Mfuko ulioanzishwa kwa ajili ya mtu kama yeye ndio uliomfukuza. Na mkono ulioandika ni wangu.

Sasa fungua Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na moto kweli kweli, watu wakiokoka kwa maelfu. Hata hivyo, wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Angalia vizuri: chakula kilikuwepo, na maombi yalikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuangalia nani hajafikiwa.

Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Hebu soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki! Inaonekana kazi ilipewa watu walioujua uchungu wa wale wajane. Na mstari wa 7 unaonyesha matokeo: Neno likaenea, wanafunzi wakaongezeka sana. Kuhudumia meza hakukuzima uamsho.

Kuna anayeuliza, "Lakini Pasta, tukifanya hivyo si watu wataacha kutoa?" Hata mimi niliuliza. Paulo aliwaonya Wathesalonike juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Asiyetaka, si asiyeweza. Na tofauti ya hao wawili huwezi kuiona kwenye daftari. Lazima uende ubishe mlango.

Kwa hivyo wazee wa kanisa wamekubaliana: kuanzia sasa, mshirika akikosa kutoa miezi miwili, hatatumiwa ujumbe wa deni. Atatembelewa na watu wawili kutoka ushirika wake wa nyumbani.

Nawe una kazi wiki hii. Fikiria mtu mmoja ambaye hujamwona ibadani mwezi mzima. Usimtumie ujumbe, nenda. Beba hata pakiti moja ya unga. Ukifika usianze na "Mbona siku hizi huji?" Anza na "Mmeamkaje? Watoto wamekula?"

Yule mama alirudi, ingawa ilichukua muda. Nami ile kalamu nyekundu niliitupa.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipohesabu watu kama madeni. Tupe macho ya kumwona aliyesahauliwa, na miguu ya kumwendea. Katika jina la Yesu. Amina.